Tiba ya mapigo ya moyo huanzia nyumbani, wiki tatu kabla

Kila baada ya muda ujumbe wa aina moja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya mtaa na ya waliosoma pamoja. Ndugu yetu ana tatizo la mapigo ya moyo, amepangiwa tarehe ya matibabu Dar es Salaam, gharama ni hii, mtunza fedha ni fulani, namba ya kutuma ni hii hapa. Watu hujitoa. Mwenye elfu hamsini hutoa, asiye nazo hutoa elfu mbili na dua. Lakini ukiisoma bajeti inayoambatana na ujumbe huo utaona kwamba kinachochangiwa ni siku moja tu, siku ya kuingia chumba cha tiba. Dawa za wiki zinazotangulia hazimo. Vipimo vya damu vya kila wiki havimo. Nauli ya kurudi kliniki baada ya kuruhusiwa nayo haimo.

Hapo ndipo familia nyingi hupoteza fedha, na nyingine hupoteza mtu. Maandalizi ya kurekebisha mapigo ya moyo ni sehemu ya tiba yenyewe. Yanastahili kuandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kusimamiwa na mhudumu anayejulikana, na kulipiwa kama inavyolipiwa tiba. Kwa sasa kazi hiyo imeachiwa kumbukumbu ya mgonjwa aliyetoka kliniki amechoka, akiwa na karatasi yenye vifupisho vya Kiingereza mkononi.

Moyo unapokosa mpangilio

Moyo wenye afya huongozwa na kituo kidogo cha umeme kilicho juu, upande wa kulia. Amri hutoka hapo, hupita kwenye njia yake maalumu, na vyumba vya juu na vya chini hujikunja kwa zamu, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Katika ugonjwa ambao madaktari huuandika kwa kifupi AF, amri hutoka kila upande. Vyumba vya juu huacha kujikunja na kubaki vikitetemeka kama nyama ya mnyama aliyechinjwa sasa hivi, huku vyumba vya chini vikifuata kwa mapigo yasiyotabirika. Mgonjwa husikia moyo ukikimbia na kuruka, hupungukiwa pumzi akipanda ngazi, huchoka kabla ya saa nne asubuhi. Wengine hawasikii chochote.

Hatari kubwa imejificha kwenye damu. Chumba kinachotetemeka hakisukumi damu yote, na damu inayozubaa huganda, hasa katika kifuko kidogo kilicho pembeni ya chumba cha juu cha kushoto. Bonge likichomoka huweza kupanda hadi kwenye ubongo. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kuwa AF huzidisha hatari ya kiharusi karibu mara tano.

Nani anadhani haya ni maradhi ya wazee pekee? Afrika ina sura yake. Uchunguzi wa wagonjwa 3,343 wa moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, uliofanywa katika nchi 14 zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta umri wa kati wa wagonjwa ni miaka 28, na theluthi mbili yao ni wanawake. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na AF. Wengi wao, safari yao ilianza utotoni kwa maambukizi ya koo ambayo hayakupata penisilini. Hawa ni kina mama wenye watoto wa chekechea, wauza mboga na walimu wapya. Kiharusi kikimpata mmoja wao, nyumba nzima hulala chini.

Njia mbili hutumika zaidi kuurudisha moyo kwenye mpangilio wake, pamoja na dawa. Ya kwanza ni kuurekebisha kwa umeme wa nje: mgonjwa hulazwa usingizi mfupi, vibandiko huwekwa kifuani, kisha mkupuo wa umeme hupitishwa kwa wakati uliopimwa. Daktari Bernard Lown wa Marekani ndiye aliyeitambulisha njia hiyo mwaka 1962. Ya pili ni upasuaji wa tundu dogo: mrija mwembamba huingizwa kupitia mshipa wa kinena hadi kwenye moyo, na vijisehemu vinavyotoa amri potofu huunguzwa au kugandishwa. Kwa AF, njia hiyo ilipata msukumo mwaka 1998, pale Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walipoonyesha kwamba cheche nyingi za ugonjwa huu huanzia kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tanzania inayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, ambako matatizo ya umeme wa moyo hutibiwa kwa tundu dogo.

Hesabu ya wiki tatu

Umeme ukifanya kazi yake, vyumba vya juu huanza kujikunja tena. Hiyo ni habari njema, ila kama kuna bonge la damu lililotulia humo ndani, hapo ndipo hupata msukumo wa kuondoka. Tiba iliyofanikiwa yaweza kuzaa kiharusi siku chache baadaye.

Madaktari wamelijua hilo kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1969 watafiti wa Norway walichapisha hesabu ya wagonjwa waliorekebishwa mapigo kwa umeme. Kati ya wasiotumia dawa ya kuzuia damu kuganda, takriban watu 5 kati ya 100 walipata bonge lililosafiri mwilini. Kati ya waliotumia dawa, hakufika hata mtu 1 kati ya 100. Kutoka huko ukajengeka utaratibu unaofuatwa hadi leo: aliyekaa na AF kwa zaidi ya saa 48, au asiyejua ilianza lini, hutumia dawa hiyo kwa angalau wiki tatu kabla ya umeme, na angalau wiki nne baada yake. Zile nne za baadaye zipo kwa sababu vyumba vya juu huendelea kuwa vizito kwa muda hata kama kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinaonyesha mapigo mazuri.

Kwa anayetumia wafarini, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia damu kuganda, wiki hizo tatu zina sharti. Kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kinapaswa kusoma kati ya 2 na 3 katika kila wiki. Kikishuka hadi 1.6 wiki ya pili, hesabu huanza upya.

Sasa liangalie jambo hilo kwa macho ya familia ya Kigoma. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Nauli za watu wawili zimelipwa, kaka ameomba ruhusa kazini, shangazi wa Gongo la Mboto ametandika godoro sebuleni. Asubuhi ya tarehe, INR inasoma 1.6 na daktari anasema tiba haiwezi kufanyika. Yuko sahihi kabisa. Mgonjwa hurudishwa, mchango umekwisha kwa nauli na chakula, na wanafamilia hubaki wakinong'ona kwamba hospitali imewazungusha. Je, ni nani aliyewaambia mapema kwamba namba moja ya maabara ingeweza kuiahirisha safari yote?

Zipo hali ambazo wiki tatu hazisubiriwi. Mgonjwa ambaye presha imeanguka na anazimia kwa sababu ya mapigo hupewa umeme papo hapo ili kuokoa maisha yake. Pia panapokuwa na kifaa cha eko, yaani cha kupiga picha ya moyo, kinachopitishwa kooni, daktari anaweza kuchungulia kile kifuko cha moyo, na akikikuta hakina bonge, akaendelea mapema. Lakini hata hapo wiki nne za dawa baada ya tiba hazifutiki.

Ule uchunguzi wa nchi 14 ulitoa namba nyingine inayopaswa kusomwa kwa sauti katika kila kikao cha bajeti ya afya. Kati ya wagonjwa waliokuwa na sababu ya kutumia dawa za kuzuia damu kuganda na wakaandikiwa, ni asilimia 28 tu waliokuwa na INR inayotakiwa. Dawa iliandikwa, ikanunuliwa, ikamezwa, lakini wengi wao hawakuwa na kinga waliyodhani wanayo.

Kidonge kinachoachwa kwa nia njema

Kosa linalojirudia zaidi katika siku za mwisho hutokana na busara ya mtaani. Mtu akisikia anakwenda kupasuliwa, jirani humwambia aache dawa zinazofanya damu iwe nyepesi, asije akatoka damu nyingi. Ushauri huo unaingia akilini, na kwa baadhi ya upasuaji ni kweli. Kwa mapigo ya moyo waweza kuwa hatari.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,584 waliokuwa wakifanyiwa tiba ya tundu dogo kwa AF. Karibu nusu yao walisimamishiwa wafarini kabla ya siku na kupewa sindano za muda, wengine waliendelea na wafarini bila kukatiza. Katika kundi lililosimamishwa, watu 39 walipata kiharusi au dalili zake za muda mfupi. Katika kundi lililoendelea walikuwa wawili. Kwa hiyo swali la kuacha au kuendelea ni la daktari anayefanya tiba peke yake, na jibu lake linafaa kuandikwa kwenye karatasi likiwa na tarehe na saa.

Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani, vimerahisisha mambo kwa wengi kwa kuwa havihitaji kupimwa INR. Lakini kinga yake hudumu kwa saa kadhaa tu. Anayeruka dozi ya jioni kwa sababu amesahau boksi nyumbani anapaswa kumwambia daktari, hata kama anaogopa kuahirishiwa. Tena si kila mgonjwa anafaa kuhamishiwa huko. Utafiti uitwao INVICTUS, uliofanywa katika nchi 24 na kuchapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba wagonjwa wa AF wenye vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki walifariki wachache zaidi wakiwa kwenye dawa za jamii ya wafarini kuliko waliopewa rivaroksabani. Kumnunulia mama kidonge cha bei kubwa kwa sababu binamu wa Nairobi anakitumia kunaweza kuwa upendo unaodhuru.

Jikoni na duka la dawa

Wafarini hugombana na vitu vingi. Mboga za majani, kama mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki, zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Wapo wanaosikia hivyo wakaacha mboga kabisa, kisha zinapopatikana kwa wingi wakazila kila mlo, na INR ikapanda na kushuka. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kile kile kila wiki, ili kipimo cha dawa kilingane na chakula halisi cha nyumba hiyo.

Duka la dawa la mtaani lina mitego mikubwa zaidi. Metronidazoli inayonunuliwa kwa tumbo la kuendesha, flukonazoli ya fangasi na kotrimoksazoli vinaweza kupandisha INR hadi mgonjwa akatokwa damu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huiangusha vibaya. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu humeza kwa kiuno na kichwa bila kuuliza, huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Vivyo hivyo unga wa mitishamba usiojulikana una nini.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na katika maandalizi haya methali hiyo ina upana wake. Anayeficha kwamba anakunywa dawa ya mganga, au kwamba alisahau vidonge siku mbili, humnyima daktari habari anayoihitaji kuliko picha ya eko. Wahudumu nao wana deni lao. Mgonjwa aliyekaripiwa mara moja kwa kutaja mzizi hatautaja tena.

Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, swali la ujauzito huulizwa mapema. Wafarini inaweza kudhuru mimba changa, na tiba ya tundu dogo mara nyingi hutumia mionzi. Swali hilo laweza kuulizwa faraghani, bila mume wala mama mkwe kuwa pembeni, ili jibu liwe la kweli.

Vipo pia vipimo ambavyo familia huviona kama usumbufu wa hospitali. Potasiamu hupimwa kwa sababu dawa za kukojosha maji huishusha, na ikiwa chini moyo huweza kuingia kwenye mapigo mabaya zaidi. Tezi ya shingo hupimwa kwa kuwa ikifanya kazi kupita kiasi huweza kuwa ndiyo chanzo chenyewe cha AF, na bila kuitibu kwanza ugonjwa hurudi upesi.

Usiku wa kuamkia tarehe

Maelekezo ya kufunga kula ndiyo yanayokumbukwa zaidi na ndiyo yanayovunjwa kirahisi. Kwa kawaida chakula huachwa angalau saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na vinywaji angavu visivyo na maziwa saa mbili kabla, ingawa hospitali nyingi hupenda kusema tangu usiku wa manane. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula, uji pia. Bibi mwenye huruma anayempa mgonjwa kikombe cha uji saa kumi na moja alfajiri hajui kwamba tumbo lililojaa laweza kumwaga chakula kwenye mapafu ya mtu aliyelala.

Mwenye kisukari anahitaji maelekezo yake peke yake, maana insulini ya kila siku juu ya tumbo tupu huweza kumshusha sukari njiani. Rangi ya kucha huondolewa, na hina nyeusi ya vidoleni ni vema iepukwe siku zile, kwa sababu inaweza kukipotosha kifaa kinachosoma oksijeni kidoleni. Kinena hunyolewa na kusafishwa. Wapo wazee wanaokataa tiba dakika za mwisho kwa aibu ya kuvuliwa nguo mbele ya vijana. Aibu hiyo haipuuzwi. Ikizungumzwa wiki moja kabla, yaweza kupatiwa mhudumu wa jinsia anayoiridhia mgonjwa.

Fomu ya ridhaa isisainiwe ukumbini kwa haraka. Familia ina haki ya kujua kwamba AF yaweza kurudi, kwamba baadhi huhitaji kurudia tiba ya tundu dogo, na kwamba yapo madhara machache lakini makubwa, yakiwemo damu kuvuja na kuuzunguka moyo, jambo linalompata takriban mtu 1 kati ya 100. Baada ya tundu dogo mgonjwa hulala chali kwa saa kadhaa mguu ukiwa umenyooka, na kwa siku zinazofuata habebi ndoo ya maji wala gunia. Nani atachota maji wiki hiyo? Swali hilo hujibiwa kabla ya safari.

Miezi inahesabika pia

Wanaosubiri tarehe kwa miezi huiona subira hiyo kama muda uliopotea. Watafiti wa Adelaide, Australia, waliripoti mwaka 2015 kwamba wagonjwa wa AF wenye uzito mkubwa waliopunguza asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kukaa bila mapigo hayo kurudi. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa nchi hiyo uliwachukua wanywaji 140. Kati ya waliotakiwa kuacha pombe, asilimia 53 walirudiwa na AF. Kati ya walioendelea kama kawaida walikuwa asilimia 73. Kushusha presha na kutibu kukoroma kunakoambatana na kukatika pumzi usingizini navyo husaidia. Anayeingia chumba cha tiba akiwa ametengeneza mambo hayo ana nafasi bora kuliko aliyesubiri umeme umfanyie kila kitu.

Maandalizi yalipiwe na nani?

Yapo yatakayosemwa kupinga. Wauguzi ni wachache, foleni ni ndefu, daktari bingwa hawezi kukaa nusu saa akieleza mchicha. Ni kweli. Lakini kazi hii haihitaji daktari bingwa. Katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, Kenya, wafamasia ndio wamekuwa wakiendesha kliniki ya dawa za kuzuia damu kuganda tangu 2008: wanapima INR, wanarekebisha dozi, wanauliza kuhusu chakula na dawa nyingine. Wafamasia wapo hata wilayani. Wanachokosa ni jukumu rasmi na kipimo.

Kipimo chenyewe kipo. Zipo mashine ndogo za mkononi zinazosoma INR kwa tone la damu la kidoleni kwa dakika chache. Kasulu, Sumbawanga au Nachingwea ikiwa nayo, mgonjwa atapimwa kila wiki karibu na kwake, matokeo yatatumwa JKCI kwa simu, na atapanda basi pale tu namba zinapokuwa sawa. Fedha za tiba iliyoahirishwa mara mbili, ukijumlisha nauli na kitanda kilichokaa bure, si kidogo kwa familia wala kwa serikali.

Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na Kenya ilihamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024. Nchi zote mbili zinaendelea kupanga nini kiingie kwenye kitita cha mafao na nini kibaki nje. Upasuaji huonekana kirahisi kwenye jedwali kwa kuwa una siku moja na ankara moja. Wiki tatu za dawa na INR kabla yake, pamoja na wiki nne zinazofuata, ziandikwe kwenye mstari huo huo na bei hiyo hiyo moja, ili hospitali isilipwe kwa siku ya umeme pekee, na ili mfamasia wa wilaya apate sababu ya kumpigia simu mgonjwa ambaye hakutokea kliniki Jumatatu.